Gati lenye ukungu: nifanyeje wachezaji waogope badala ya kucheka?

Mkibokoni (ameanzisha mada)

Wakuu, habari zenu. Mimi ndiye msimulizi wa kundi letu dogo la michezo ya kuigiza mezani hapa Mombasa. Tunakutana Jumamosi baada ya Isha juu ya paa kwa mjomba wangu, tunafuata kanuni za toleo la tano la Dungeons & Dragons, ila ulimwengu tumeutunga wenyewe na tunacheza kwa Kiswahili mwanzo hadi mwisho. Sanamu za kuuziwa hatuna. Wahusika ni kete za bao, maadui ni vizibo vya soda.

Sasa shida. Nina tukio nimelipanga kwa muda: alfajiri, gatini, ukungu umetanda, na chombo kinaingia na mzigo ambao kundi limeufukuzia tangu mwanzo wa hadithi. Nikaanza kusoma kwa ile sauti yangu nzito: "Ukungu mzito umeifunika bandari..." Kabla sijamaliza, mmoja wao, yeye ni turnboi wa trela, kila siku yuko bandarini Kilindini, akasema, "Ukungu gani Kilindini? Sema kuna mtu anachoma taka." Basi, kicheko. Hofu ikafa hapo hapo.

Na kusema kweli hajakosea. Ukungu tunaousikia ni wa Limuru, huko bara kwenye baridi. Hapa pwani mvua ikija inakuja wima, unaiona ikivuka maji, halafu inakwisha.

La pili ni pambano lenyewe. Nilipowaingiza vitani ndani ya ukungu ikawa ni "namwona?" "humwoni." "Sasa je?" "Bado." Mpaka chai ikapoa. Nimelisimamisha tukio katikati, wamekubali tulianze upya. Naomba mawazo: mahali pa kweli pa kuegemea, na namna ya kuendesha ukungu bila kuua mchezo.

---

Kisoda

Huyo wa Kilindini mhusika wake aanguke majini mapema. Shida ya kwanza imekwisha.

---

PandeIshirini

Nipo Dar, nasimulia toleo hilo hilo. Nianze na pambano kwa sababu hapo ndipo watu wengi hukwama bila kujua sababu.

Kanuni zinasema ukungu mzito unamfanya anayetazama ndani yake awe kama kipofu. Ukimshambulia usiyemwona unarusha dadu mbili, unachukua ndogo. Lakini na yeye hakuoni, na anayeshambulia bila kuonwa anarusha mbili akachukua kubwa. Vyote viwili vikikutana vinafutana, mnarudi kwenye dadu moja ya kawaida. Yaani kwa kanuni zilivyoandikwa, watu wawili ndani ya ukungu wanapigana kama wako juani saa sita! Na mpiga mishale aliye mbali, ambaye umbali ungemwadhibu, naye adhabu yake inafutika. Kwa hiyo ukungu wako ulikuwa umeleta maswali tu, haukuleta hatari yoyote.

Mimi mezani kwangu nafanya hivi: huwezi kumshambulia mtu usiyejua yuko mraba gani wa ramani ya mezani. Unataja mraba. Umekosea mraba, pigo limekwenda hewani, na sauti ya upanga wako kugonga ubao imewaambia wengine uliko. Vizibo vyako vya soda visikae mezani kabisa; viweke mfukoni, uwe na karatasi yako pembeni unayochora penseli. Mchezaji aone kete yake na ubao wa gati aliokanyaga. Basi.

Jambo jingine la kujihadhari. Mchawi akiwa na ile dua ya kuvumisha upepo, anafungua njia ya futi 60 kwa upana wa futi 10, ukungu unatawanyika. Usimnyime, ameilipia. Ila soma sentensi inayofuata: upepo huo unazima mishumaa, mienge na kila moto usiokingwa. Kapata njia, kapoteza taa. Na ukungu wa bahari si wa kichawi wenye mwisho. Akiacha kupuliza, unarudi.

---

SerahangiMstaafu

Mimi dadu sizijui. Wajukuu zangu ndio wanaozirusha barazani kwangu hapa Tanga, na mmoja kaniletea simu akasema, "Babu, hii mada yako." Nimekula chumvi ya bahari nyingi, za joto na za baridi, na Atlantiki ya kaskazini nimeingia ukungu ambao mtu wa omo, mbele ya meli, na mtu wa tezi, nyuma yake, hawaonani kutwa nzima. Nitasema ninayoyajua, hayo ya miraba mtayapanga wenyewe.

Kijana wa Kibokoni, umewafumba macho watu wako halafu hukuwapa masikio. Ukungu ukishuka, melini hakuna tena anayetazama. Watu wanasikiliza. Utamwona baharia kasimama omo, kofia kaivua, mdomo kauacha wazi kidogo, hata kukohoa anaogopa. Nahodha anayepiga kelele siku zote utamsikia anazungumza kama yuko msibani.

Na kinachosikilizwa si kelele tu, ni maneno. Sheria ya kimataifa ya kuzuia migongano baharini, ile ya 1972, imepanga kila chombo kiseme nini kisipoonekana. Meli ya mtambo inayokwenda inapiga mlio mmoja mrefu, sekunde 4 hadi 6, na isikae zaidi ya dakika 2 bila kuurudia. Ikiwa imesimama lakini haijatia nanga, miwili mirefu. Chombo cha tanga, au kinachovua, au kinachovuta kingine: mmoja mrefu, miwili mifupi. Aliyetia nanga hapigi honi, anapiga kengele, harakaharaka kwa sekunde 5 hivi, kila dakika. Na akiwa mrefu wa mita 100 au zaidi, kengele iko omo na upatu unapigwa tezi, ili ujue mwanzo wake na mwisho wake usije ukapita katikati ya mtu.

Sasa wape watu wako mzee mmoja pale gatini, hamali, ameketi juu ya gunia anasubiri kazi, awafundishe milio hiyo mapema kukiwa shwari. Asiwape hotuba, awe anatafuna na kusema, "Huyo ni tanga. Huyo kasimama. Huyo mjinga, hajui kupiga." Baadaye ukungu umefunga, wanasikia mmoja mrefu, miwili mifupi. Wanajua ni tanga. Dakika inayofuata wanasikia kengele. Ametia nanga? Katikati ya mkondo, mahali ambapo kila mtu anajua amari, kamba ya nanga, haifiki chini? Hapo usiseme kitu. Kunywa kahawa yako uwatazame.

Jambo la pili, sauti ndani ya ukungu inadanganya. Honi unaisikia kushoto, meli inatokea mbele. Ya mbali unaisikia kama iko sikioni, ya karibu huisikii kabisa. Mjukuu wangu ananiambia mchezaji akirusha vibaya mnamwambia "husikii kitu." Msifanye hivyo. Mwambieni kasikia vizuri sana, ila mwambieni upande usio wake. Na dadu arushe msimulizi, kwa siri.

Mnadhani vyombo vya kisasa vinaponya? Tarehe 25 Julai 1956, karibu na Nantucket huko Marekani, meli mbili za abiria, Andrea Doria ya Italia na Stockholm ya Sweden, zilikutana ndani ya ukungu. Zote zilikuwa na rada. Zote zilionana kwenye rada mapema. Kila moja ikajikinga kwa akili yake, moja ikageuka kushoto, ya pili ikageuka kulia, zikaingiliana. Walikufa watu 51 na Andrea Doria ikazama asubuhi yake. Na kuna hili ambalo nyinyi watu wa hadithi mtalipenda: juu ya omo iliyopondeka ya Stockholm alikutwa binti wa miaka 14, hai, anamuulizia mama yake. Walitafuta jina lake kwenye orodha ya abiria hawakulipata. Alikuwa abiria wa meli ile nyingine. Omo iliingia chumbani alimolala ikamchukua, yeye na chuma kilichomzunguka. Stockholm ilirudi New York ikielea, pua yake imebonyea. Fikiria kundi lako limesimama gatini linangojea mzigo, na kinachotokea kwenye ukungu ni meli isiyo na pua na mtoto asiye wa meli hiyo.

La mwisho, gati lako maji yake saa ngapi? Kila nikisikiliza hawa vijana, gati lao limekauka kama sakafu ya msikiti. Huku kwetu wakati wa bamvua tofauti ya maji kujaa na maji kupwa inapita mita 3. Chombo kilichokuwa usawa wa gati alfajiri, kabla ya adhuhuri unakitazama kutoka juu kama unachungulia kisima. Ngazi ina kijani kibichi cha chini kinachoteleza. Matairi makuukuu yanayokinga ubavu wa chombo yanalia yakisuguliwa, na mlio wake unabadilika maji yakishuka. Kwenye kamba kuna sahani za bati za kuzuia panya wasipande, na mtu anayejaribu kupanda kimyakimya kwa kamba ataigonga ile sahani kwa kichwa, nakuhakikishia.

Na wewe mjukuu wangu ukiwa unasoma hapa: mlinzi wa gati hapigi siwa. Siwa ni ya heshima, haipigwi kwa kila mashua inayopita. Mpe baragumu.

---

Mkibokoni

Mzee shikamoo. Nimesoma nikanakili kwenye daftari. Milio ya kengele na honi naichukua yote, na yule hamali anayetafuna naye. PandeIshirini, vizibo vinaingia mfukoni kuanzia leo.

Limebaki la mahali. Nikisema tu "nchi ya mbali yenye baridi", yule bwana wa Kilindini ataniuliza watu wake wanakula nini, wanafunga vipi kamba, na sitakuwa na jibu. Nataka pahali ambapo ukungu unafahamika, lakini mtu wa pwani akisikia hajihisi mgeni kabisa.

---

BintKhareef

Ami Serahangi, shikamoo. Na nyote salamu.

Mimi niko Salalah, Oman. Mama ni mtu wa Unguja, Kiswahili ndicho tunachogombania nacho nyumbani. Kilindini muachieni mwenyewe na trela lake. Mimi nitakupa bandari ya ukungu ambayo upepo wake unaujua, kwa sababu ni kusi lile lile.

Kusi likishika kasi, huku pwani ya Dhofar linasukuma maji ya juu yaende mbali na ufuko, na maji ya chini, baridi, yanapanda kuchukua nafasi yake. Hewa ya bahari yenye joto na unyevu ikipita juu ya maji hayo inapoa, inakuwa mawingu na manyunyu yanayokuja kugota kwenye milima nyuma yetu. Kuanzia mwisho wa Juni mpaka Septemba tuko ndani yake. Tunauita msimu huu khareef. Muscat watu wanaungua kwa digrii 40 na zaidi, sisi tunatafuta sweta. Mlima uliokuwa kahawia unakuwa kijani, na wenye ngamia wanawateremsha bondeni kwa sababu huko juu panateleza.

Nisikudanganye lakini, kwa sababu yule bwana wako atakuja kunitafuta. Ufukweni kwenyewe aghlabu ni wingu la chini na manyunyu yasiyokwisha, nguo haikauki, kitabu kinajikunja. Ukungu ule wa kutoona gari lililo mbele yako uko mlimani. Kwa hiyo uutumie kama ulivyo: uweke mlimani juu ya gati, uwe unateremka. Mlinzi wa mnara wa juu ndiye anayekuwa wa kwanza kumezwa. Wa gatini wanamsikia anaita saa, anaita saa, halafu haiti.

Sasa lililo muhimu kuliko ukungu. Msimu huo huo bahari yetu imefungwa. Mawimbi ni makubwa, wavuvi wamepandisha mashua zao mchangani, na zamani za matanga bandari za upande huu zilikuwa hazipokei mtu katikati ya kusi. Kule Mughsail, magharibi ya mji, wimbi linaingia chini ya mwamba na kutoka kwa matundu ya juu, linarusha maji angani na kunguruma. Mgeni asiyejua anaruka. Weka sauti hiyo karibu na gati lako. Halafu waambie wachezaji: ni katikati ya Julai, ukungu umefunga, na kuna chombo kinaingia.

Umeona? Gati la ukungu analolisimulia kila mtu ni mahali ambapo huoni anayekuja. La kwetu ni mahali ambapo hapaswi kuja mtu yeyote. Watu wa bandari ndio waogope kwanza, wachezaji watafuata. Muuza samaki mkavu afunge duka. Mtu wa forodha akatae kuteremka. Hamali wa Ami Serahangi aache kutafuna.

Na bandari yenyewe ipo. Inaitwa Khor Rori, mashariki ya Salalah, karibu kilomita 40. Ni ghuba nyembamba inayoingia nchi kavu, mdomoni pana majabali mawili, huku na huku. Leo mchanga umeuziba mdomo, imekuwa ziwa, ngamia wanaingia kunywa. Juu ya kilima kuna magofu ya Sumhuram, mji uliojengwa na watu wa ufalme wa Hadhramaut, na langoni mna maandishi ya kale ya Arabia ya kusini yaliyochongwa kwenye jiwe. UNESCO iliuingiza kwenye urithi wa dunia mwaka 2000, pamoja na maeneo mengine ya ubani. Kwa sababu mji ule uliishi kwa ubani.

Nyinyi wa Mombasa mnaijua Periplus, ule mwongozo wa mabaharia ulioandikwa kwa Kigiriki karne ya 1, unaoitaja Rhapta kuwa soko la mwisho la Azania, yaani pwani yenu ya Afrika Mashariki? Basi mwongozo huo huo unaifikia na pwani yangu. Unasema nchi ya ubani ina milima, imefunikwa mawingu mazito na ukungu. Unasema wanaouvuna ni watumwa wa mfalme na watu waliopelekwa huko kwa adhabu, na kwamba nchi hiyo ina maradhi hata kwa wanaopita tu kwa chombo. Halafu unaitaja bandari, Moscha, ambayo wataalamu wengi wanaona ndiyo hii yetu. Meli zinazorudi kutoka India zikichelewa msimu, zinakaa hapo mpaka bahari ifunguke, zinabadilishana na watu wa mfalme nguo, ngano na mafuta ya ufuta, wanapewa ubani.

Na ubani wenyewe, unasema, umelala malundo malundo, wazi, hauna mlinzi. Hauhitaji. Hakuna awezaye kuupakia kwa dhahiri wala kwa siri bila ruhusa ya mfalme. Hata punje moja ikipakiwa bila ruhusa, chombo hakiwezi kutoka bandarini.

Mimi niliposoma hapo niliweka kitabu chini nikamwita binamu yangu. Huo si mstari wa historia, huo ni mchezo uliokwisha kuandikwa!

Nilivyoufanya mimi na mabinamu: gati, manyunyu, lundo la ubani limefika kiunoni, hakuna mlinzi, hakuna kufuli. Wachezaji wamekwama hapo pamoja na Mhindi mwenye nguo zilizoanza kuoza, Mgiriki anayedai anajua nyota ambazo hazionekani, na wafungwa walioteremshwa kutoka mlimani wanakohoa. Sikuwaambia kitu kuhusu punje. Mmoja akaniandikia kikaratasi kwa siri: anaficha kipande kilembani. Nikakunja kikaratasi nikaendelea. Siku ya kuondoka wamefungua kamba, tanga limejaa, wanapiga makasia, majabali ya mdomo yanapita kushoto na kulia, harufu ya ubani haipungui. Na mbele yao, ndani ya ukungu, wanasikia kengele ya gati walilotoka.

Jioni hiyo dadu hazikurushwa tena. Walipekuana. Walilaumiana mpaka shangazi akaja kuuliza kuna ugomvi gani. Aliyeiba alikuwa wa kwanza kumshuku mwenzake.

---

Kisoda

Dada, na mwizi akiitupa ile punje baharini?

---

BintKhareef

Binamu yangu alijaribu. Nikamwambia chombo kimesogea urefu wake mara moja, halafu kimesimama, kwa sababu unga wake ulibaki kwenye kitambaa. Akatupa kilemba. Kikasogea tena. Mwishowe kilibaki kile kilichoingia kwenye mapafu yake, na hapo ndipo wenzake walipoanza kutazamana.

---

SerahangiMstaafu

Marahaba mwanangu. Wewe ni hatari.

Ila nikuongezee kimoja, kwa kuwa umeitaja Rhapta. Chombo hicho cha Julai kitoke huko Azania. Kusi linakileta mkuku, hilo halina swali. Swali ni kimefikaje kizima. Na kiwe cha kushonwa, kama mitepe yetu ya zamani, mbao zimefungwa kwa kamba za usumba, hazina msumari hata mmoja. Mabaharia wanaokijua chombo cha misumari wanakijua kwa mlio wake wimbi likikipiga. Cha kushonwa kinalia vingine, kinakoroma kamba zikikaza na kulegea. Hamali atamtambua kabla ya honi. Atasema, "Huyu wa kwetu," na hapo ndipo Mombasa inaingia kwenye hadithi yenu bila kumlazimisha mtu.

Na kisiwe na mtu wa kupokea kamba. Chombo kikija gatini, mtu anarusha kwanza kamba nyembamba yenye uzito mwishoni, wa gatini anaidaka, ndiyo inayovuta kamba nene. Hiyo nyembamba itoke kwenye ukungu imwangukie mchezaji miguuni. Hajaona chombo wala mtu. Ana kamba mkononi, inavutwa. Muulize: unaifunga, au unaiachia?

---

Mkibokoni

Nimekaa tu nasoma, sijui nianzie wapi kushukuru.

Nimeamua hivi. Tukio linahama kutoka bandari yangu ya kubuni kwenda kwenye ghuba yenye majabali mawili mdomoni, jina nitalibadilisha kidogo. Mhusika wa yule bwana wa Kilindini ni mtoto wa fundi wa mitepe. Itakuwa chombo cha kushonwa cha ukoo wake, na yeye ndiye ataangukiwa na kamba, maana ndiye anayejua kufunga. Akitaka kunikosoa, atakuwa anajikosoa mwenyewe. Mzigo wanaoufuata ni pembe za ndovu na magamba ya kasa kutoka Azania, hilo halibadiliki. Lundo la ubani litakuwepo pembeni tu, sitalitaja mara mbili.

Nimebakiza swali moja la kanuni. Wakiamua kupigana ndani ya chombo huku maji yanapwa, niwahesabie vipi ule urefu kutoka gatini hadi sitaha? Sitaki kuuliza dadu kila mtu anaporuka.

---

PandeIshirini

Usiulize. Kila raundi ya tatu waambie sitaha imeshuka, uchore mstari kwenye karatasi yako. Kanuni za kuanguka ni dadu moja ya pande 6 kwa kila futi 10, kwa hiyo mwanzo wa pambano kuruka ni bure na mwisho wake kunauma kidogo. Nayo si maumivu ndiyo yanayotisha, ni kurudi juu: ngazi yenye utelezi inamnyima mtu nusu ya mwendo wake, mikono yote miwili inashika, hana upanga. Anayebaki gatini anasikia mtu anapanda na hajui ni nani.

Hapo mwambie ataje mraba.

---

Kisoda

Jumamosi baada ya Isha, paa la nani tena? Nina dadu zangu mwenyewe.

---

Mkibokoni

Njoo Kibokoni, uliza kwa muuza mahamri wa kona, atakuonyesha. Ila viti vimejaa, utakuwa Mgiriki.